Vipimo vya maji ni sifuri tupu, mbona aksolotli wetu anaumwa?

"Daktari, habari za kazi. Tunakaa Birmingham, ghorofa ya tatu. Mwanangu wa miaka kumi alinisumbua mwaka mzima akitaka aksolotli, yule mnyama wa majini anayefanana na mjusi, nikamnunulia siku yake ya kuzaliwa, wiki tatu zilizopita. Siku hiyo hiyo tulichukua tangi la lita 60, kichujio, taa, changarawe za rangi na mnyama mwenyewe, ana kama sentimita 12. Mtoto kamwita Mandazi. Wiki ya kwanza alikula vizuri. Sasa ni siku ya tano hagusi chakula. Matamvua yake yaliyokuwa mekundu yamesinyaa na kujikunja mbele, upande wa kushoto kuna kitu cheupe kama pamba, na mara nyingine anaelea juu kama boya. Maji yana joto la nyuzi 24, nilidhani mnyama wa Meksiko anapenda joto. Nilipeleka maji dukani, wakachovya karatasi ya kupimia wakasema ni safi: nitriti sifuri, nitrati sifuri, ila pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, iko chini, 6.4, wakaniuzia unga wa kuipandisha. Mtandaoni wengine wanasema nimwogeshe maji ya chumvi, wengine nimtie kwenye friji. Mama mkwe anasema mjusi wa majini ni mkosi, nikamtupe kwenye mfereji ulio nyuma ya nyumba. Mtoto analia. Nifanyeje?"

Dada yangu, pole, na mfikishie pole mwenye Mandazi wake. Nitaanza na la usiku huu, maelezo yatafuata, maana mnyama wa sentimita 12 hana akiba mwilini ya kusubiri nimalize hotuba.

Mtoe kwenye hilo tangi leo. Tafuta sanduku jipya la plastiki la kuhifadhia vitu, la lita 15 hadi 20, lenye mfuniko. Lisuuze kwa maji ya moto, sabuni isiliguse. Tia maji ya bomba, kisha dawa ya kuondoa klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Soma lebo kwanza: ikitaja aloe vera iache, hiyo ilitengenezwa kwa kufikiria samaki wenye magamba, na ngozi ya Mandazi haina gamba hata moja. Usitegemee kuyaacha maji yalale usiku kucha wazi. Klorini itapaa, lakini baadhi ya kampuni za maji Uingereza hutumia kloramini, na hiyo haipai kirahisi. Maji mapya yakishalingana joto na ya tangini, tofauti isizidi nyuzi mbili, mhamishe. Wavu weka kando, vidole na matamvua hunasa humo. Zamisha bakuli pana tangini, mwongoze aingie mwenyewe, mwinue, umwage maji ya zamani mengi uwezavyo, umteleze kwenye sanduku. Wenye samaki watakuambia uchanganye maji ya zamani na mapya polepole kwa saa nzima. Kwako wewe, leo, usifanye hivyo. Sababu inakuja.

Toboa mfuniko matundu, funika nusu kwa taulo apate giza. Kila siku, saa ile ile, mwaga maji yote na uweke mapya. Akijisaidia katikati ya siku, badilisha tena. Ndoo ya maji ya kesho iandae leo na uiweke chumba hicho hicho, ili joto lilingane bila kuhangaika na birika.

Ule unga wa kupandisha pH, usiutie popote. Hata kijiko.

Sasa turudi kwenye zile sifuri, kwa sababu ndizo zilizokupoteza, na wala sikulaumu. Karatasi nyingi za kupimia zina vijirangi vitano au sita: nitriti, nitrati, pH, ugumu wa maji, wakati mwingine klorini. Amonia kwa kawaida haimo. Yaani kitu cha kwanza kinachoua wanyama wa majini katika tangi jipya ndicho ambacho hakikupimwa.

Mandazi hakojoi uani. Amonia hutoka mwilini mwake mchana na usiku, kupitia matamvua, ngozi na mkojo, na kinyesi na chakula kilichobaki huongeza nyingine kinapooza. Katika ziwa, maji ni mengi na kazi ya kuisafisha hufanywa na bakteria waliojibandika kwenye mawe, mimea na matope. Kundi moja hula amonia na kutoa nitriti, ambayo nayo ni sumu, huzuia damu isibebe oksijeni. Kundi jingine hula nitriti na kutoa nitrati, ambayo mnyama anaweza kuishi nayo ikiwa kidogo, nawe unaipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Bakteria hao hawauzwi pamoja na kioo. Lazima waote kwenye sponji ya kichujio, na huchukua kati ya wiki nne na nane, wakati mwingine zaidi.

Kwa hiyo mtu akiniambia tangi lina wiki tatu, mnyama amekula, amejisaidia, na nitriti sifuri, nitrati sifuri, mimi sisikii usafi. Nasikia kwamba bakteria hawapo. Ni kama ufungue daftari la duka ukute halina deni wala mauzo, ushangilie kwamba biashara haina matatizo, kumbe duka halijafunguliwa. Amonia imeingia, haijaliwa na mtu, na iko humo humo. Nunua vipimo vya matone, vile vya kutikisa kwenye kichupa cha kioo, vyenye amonia. Pima maji ya tangi lile kabla hujayamwaga. Sitashangaa ukikuta miligramu 2 au 4 kwa lita. Tunayotaka sisi ni sifuri, na hapo sifuri ndiyo sifuri ya kweli, pamoja na nitrati inayoonekana, mradi isizidi 20.

Hapo ndipo pH yenu ya 6.4 inapogeuka kuwa hadithi ya kustaajabisha. Amonia ndani ya maji ina sura mbili. Moja ni kali, hupenya matamvua na kuyaunguza. Nyingine, amoniamu, ni pole kiasi. Zinabadilishana kulingana na pH na joto. Maji yakiwa na asidi kidogo, karibu yote hukaa katika sura ya upole. Kila pH inapopanda kizio kimoja, sehemu iliyo kali huongezeka karibu mara kumi. Kwa maneno mengine, ile pH ya chini iliyowatia wasiwasi pale dukani inawezekana ndiyo iliyomfanya Mandazi awe hai mpaka leo. Ungekoroga ule unga ukafika 7.6 akiwa humo humo, ungeiongeza ile sura kali zaidi ya mara kumi kwa dakika chache. Ndiyo maana pia nimekukataza kuchanganya maji ya zamani na mapya taratibu: ya bombani mara nyingi yana pH ya juu zaidi, ukiyamimina kidogo kidogo juu ya maji yenye amonia unampikia sumu akiwa ndani ya chungu. Mhamisho wa mara moja kwenye maji yasiyo na amonia ni salama kuliko huo.

pH imeshukaje? Kwa sababu mko Birmingham. Maji ya jiji hilo kwa sehemu kubwa hutoka Elan Valley huko Wales, kwenye mabwawa yaliyofunguliwa 1904, na husafiri zaidi ya kilomita mia moja kwa mteremko tu. Ni maji laini, hayana chokaa nyingi. Utaona birika lako halijengi ukoko mweupe kama la ndugu zako wa London. Kwa chai ni raha. Kwa tangi ni shida, kwa sababu chokaa na bikaboneti ndizo zinazoshikilia pH isiyumbe, na uchafu unaooza, na baadaye wale bakteria wakishaanza kazi, huitumia akiba hiyo. Ikiisha, pH huporomoka, na ikishuka chini ya 6.5 hivi bakteria nao huzembea, ikikaribia 6 husimama. Dawa yake ni ya taratibu: kifuko cha matumbawe yaliyopondwa ndani ya kichujio, yaani yale yale matumbawe ambayo kwetu pwani hujengewa nyumba na kuchomwa chokaa. Huyeyuka kidogo kidogo kadiri maji yanavyohitaji. Lakini hiyo ni kazi ya tangi lisilo na mnyama, amonia ikiwa imedhibitiwa. Aksolotli hupenda pH ya 7 na ushei, na maji yenye ugumu wa wastani.

Tuje kwenye joto. Umefikiri kama wengi, hata wauzaji: Meksiko ni nchi ya jua, basi mnyama wake ni wa jua. Lakini aksolotli hatoki Meksiko nzima. Alitoka kwenye maziwa mawili ya bonde la mji mkuu, Xochimilco na Chalco, karibu mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Nairobi, na maziwa hayo yalilishwa na chemchemi baridi. Chalco ilikaushwa. Xochimilco imebaki mifereji kati ya mashamba ya visiwa vilivyojengwa kwa mikono, na sensa za watafiti zilizohesabu aksolotli wapatao 6,000 kwa kilomita ya mraba mwaka 1998 zilikuta kama 36 tu mwaka 2014. Huko porini wako hatarini kabisa kutoweka, huku maelfu wakiwa vyumbani mwa watoto Ulaya na Marekani. Wengi wa hawa wa nyumbani ni kizazi cha kundi lililopelekwa Paris miaka ya 1860. Mandazi hajawahi kuiona Meksiko, wala bibi wa bibi yake, ila mwili wake bado unadai maji ya chemchemi: nyuzi 16 hadi 18 ndiyo raha yake, 20 anavumilia, 22 anaanza kuchoka, 24 anaumia.

Sababu ni hii. Joto linapopanda, mwili wake huenda mbio na kudai oksijeni zaidi, wakati maji yenyewe hubeba oksijeni pungufu: lita moja ya nyuzi 16 hubeba karibu miligramu 10, ya nyuzi 24 kama 8.4. Na joto hilo hilo huongeza ile sura kali ya amonia, na huwapa nguvu bakteria wa maradhi na kuvu. Kwa hiyo yule mnyama anaminywa pande tatu kwa wakati mmoja.

Namna ya kupoza unaijua, labda hukujua tu kwamba unaijua. Kumbuka mtungi wa bibi, ule wa udongo uliokaa kivulini pembeni ya mlango. Maji yake yalikuwa baridi kwa sababu unyevu ulipenya udongo na kupaa, na kila unaopaa huondoka na joto. Feni ndogo inayopuliza juu ya uso wa maji, mfuniko ukiwa umeachwa wazi na wavu juu, hufanya kazi ile ile. Hupunguza nyuzi mbili hadi nne. Maji yatapungua kwa kupaa, utaongeza kila siku. Zima taa, hana kope za kufumba na mwanga humkera, tena taa nyingi huongeza joto. Hamisha tangi kutoka dirishani na mbali na redieta. Chupa za barafu ni za dharura tu. Zikiyeyuka joto hurudi, na kupanda na kushuka huko humchosha kuliko joto lenyewe. Julai 2022 Uingereza ilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu zake, na ghorofa ya tatu wewe unaijua kuliko mimi. Ukiamua kubaki na huyu mnyama kwa miaka kumi hadi kumi na tano, ambayo ndiyo maisha yake, weka akilini mashine ya kupoza maji. Nisikufiche, bei yake inaweza kupita ya mnyama, tangi na taa kwa pamoja.

Kuhusu yale matamvua. Hawa hupumua kwa njia tatu: matamvua ya nje, ngozi, na mapafu, ndiyo maana mara moja moja humwona akipanda kuvuta funda la hewa na kushuka. Matamvua ni kioo cha maji. Yakiwa na nyuzi ndefu na mekundu yanayopepea nyuma, mambo ni mazuri. Yakijikunja mbele kama mtu anayejikinga upepo, analalamikia maji machafu au mkondo mkali wa kichujio. Yakifupika, ujue yameunguzwa. Habari njema ni kwamba huyu ni hodari sana wa kuota upya. Hotuba zote za maabara kuhusu miguu yake inayoota tena ni za kweli, na nyuzi za matamvua huanza kurudi baada ya wiki chache maji yakiwa sawa.

Ile pamba nyeupe huenda ni kuvu. Nasema huenda kwa sababu kwa maelezo tu siwezi kuitofautisha na kamasi au ngozi iliyokufa. Kuvu wa majini huota juu ya nyama iliyokwisha kujeruhiwa, kwa hiyo hapa ni mgeni aliyeingia mlango uliovunjwa na amonia. Ndiyo maana sipendi kuanza na chumvi. Bafu la chumvi linaua kuvu kweli, limetumiwa na wafugaji miaka mingi, lakini linafyonza maji kutoka kwenye ngozi na matamvua ambayo tayari yana vidonda. Mara nyingi maji safi yaliyopoa, yanayobadilishwa kila siku, huondoa pamba ndogo yenyewe baada ya siku tatu nne. Kama daktari atakayemwona ataamua chumvi, akupe yeye kiasi na dakika, na iwe chumvi isiyotiwa madini joto. Ile ya jikoni kwetu Tanzania, yenye madini joto, usimkaribishe nayo: iodini huhusika na homoni za tezi ya thairoidi, na aksolotli ni kiumbe aliyebaki mtoto maisha yote kwa sababu homoni hizo ni kidogo. Huzaa akiwa bado na matamvua ya utotoni. Ukimvuruga huko, katika hali fulani huanza kubadilika kuwa salamanda wa nchi kavu, na wengi hawamalizi safari hiyo salama.

Friji hapana. Najua inasifiwa. Baridi ya nyuzi 5 hupunguza kasi ya kuvu, na pia hupunguza kasi ya kinga yake na kusimamisha tumbo lake. Mnyama mdogo ambaye hajala siku tano huhitaji kutulia na kula, hahitaji kugandishwa. Ukiweza kumshusha kutoka 24 hadi 18 kwa siku mbili, nyuzi moja baada ya nyingine, umefanya vya kutosha.

Sasa kuelea, na hizo changarawe za rangi. Siku akianza kula, mtazame kwa karibu. Haumi. Hufungua kinywa ghafla, maji huvutwa ndani kama mfuko uliofunguliwa chini ya maji, na kilicho mbele yake huingia chote: nyungunyungu, punje, kokoto. Changarawe yenye ukubwa wa harage inaingia kirahisi na haitoki kirahisi. Kuelea kwaweza kuwa ni hewa tu aliyoimeza, kwaweza kuwa ni msongo, na kwaweza kuwa ni tumbo lililoziba. Faida moja ya lile sanduku la plastiki ni kwamba chini kuko wazi: kila siku kabla ya kumwaga maji, angalia. Ukiona mawe kwenye kinyesi, umepata jibu, na wakati mwingine umepata nafuu. Ukitupa macho tumboni ukaona limevimba upande mmoja na hakuna kinachotoka, picha ya eksirei itaonyesha changarawe waziwazi.

Changarawe zote zitoe. Chini kukae kioo kitupu au vigae vya mawe laini mpaka afike sentimita 15 hivi, baada ya hapo ukitaka tia mchanga laini sana. Mwekee bomba pana la udongo au chungu kilicholazwa ajifiche. Na tangi la lita 60 litamtosha miezi michache tu. Atafika sentimita 20 na zaidi, na chini ya lita 110 maji huchafuka kuliko uwezo wako wa kuyafukuzia. Tafuta refu na pana, kimo si muhimu, huyu ni mtembezi wa sakafuni. Kwa kuwa lazima uanze upya kuotesha bakteria, anza na hilo kubwa moja kwa moja, usifanye kazi mara mbili.

Namna ya kuotesha: jaza tangi jipya maji yaliyoondolewa klorini, weka kichujio cha sponji chenye pampu ya hewa ili mkondo uwe mpole, weka kile kifuko cha matumbawe, kisha tia amonia ya dukani isiyo na manukato wala sabuni mpaka kipimo kisome 2. Mandazi hayumo, kwa hiyo hakuna anayeumia. Pima kila siku mbili. Itashuka, nitriti itapanda, baadaye nitriti nayo itashuka na nitrati kutokea. Siku utakayotia amonia 2 jioni na kesho yake jioni ukakuta amonia na nitriti zote sifuri, tangi liko tayari. Badilisha maji mengi, poza, mrudishe. Ukipata kipande cha sponji iliyokomaa kutoka tangi la mtu unayemwamini, ambalo halina ugonjwa, muda unaweza kupungua nusu. Na usije ukaosha sponji hiyo chini ya bomba. Mimi nilifanya hivyo na aksolotli wangu wa kwanza, nikaisugua ikang'aa kama sahani ya sikukuu, nikaua jeshi langu lote na kurudi mwanzo. Isuuze ndani ya ndoo ya maji ya tangi.

Najua unachowaza: wiki sita za kumwaga sanduku kila siku. Ni kazi, sitakudanganya. Njia ya pili ni kumwacha tangini huku bakteria wakiota, ukipima amonia kila siku na kubadilisha maji kila inapoonekana. Inawezekana kwa mnyama mzima mwenye afya. Kwa huyu mgonjwa siishauri. Njia ya tatu ni kumpa mfugaji mzoefu, hata kwa muda tu, na hiyo haina aibu yoyote. Mkiona joto la ghorofa hiyo haliwezekani, kumpa mtu mwenye chumba cha chini chenye ubaridi ni upendo pia, na mtoto wa miaka kumi anaweza kuelezwa.

Mfereji, hapana kabisa. Mwambie mama mkwe, kwa heshima zote, kwamba huyu si mjusi. Mijusi ni wa magamba na nchi kavu. Mandazi ni amfibia, yuko upande wa vyura. Kuhusu mkosi sina vipimo vyake. Ninachojua ni kwamba sheria ya Uingereza ya 1981 inayolinda wanyamapori inakataza kumwachia porini mnyama asiye wa nchi hiyo, na kwamba akiwa na maradhi ataweza kuwaambukiza vyura na salamanda wa huko.

Daktari wa wanyama. Mpigie simu kesho, na nina maana hiyo hiyo. Mnyama mzima anaweza kufunga wiki mbili bila hatari kubwa, huyu wa sentimita 12 hawezi. Si kila kliniki hupokea amfibia, kwa hiyo uliza mapema kama wana anayetibu wanyama wasio wa kawaida. Mpeleke siku hiyo hiyo, bila kusubiri sanduku lifanye kazi, ukiona madoa mekundu tumboni au miguuni, pamba ikienea, akielea kichwa chini bila kuweza kujigeuza, akivimba mwili mzima, au ncha ya mkia ikianza kuoza. Chukua na maji ya tangi lile kwenye chupa safi, picha za tangu siku ya kwanza, na namba zote ulizopima. Asafiri kwenye chombo cha plastiki chenye maji ya kutosha kumfunika, ndani ya begi la kubebea vyakula baridi. Dawa za kuua bakteria huko ni kwa cheti cha daktari tu, na za binadamu au za samaki zilizobaki kabatini zisikaribie maji yake.

Chakula nitakipitia haraka, kwa sababu sasa hivi hali. Kesho kutwa, akiwa ametulia na maji yamepoa, mpe kipande cha nyungunyungu chenye upana usiozidi nafasi kati ya macho yake. Msuuze nyungunyungu, mshike kwa koleo laini, mpeperushe taratibu mbele ya pua yake. Akikataa, toa baada ya nusu saa, jaribu kesho. Wale wekundu wembamba wa kwenye mboji wana ladha chungu na wengi huwatema, usidhani kapoteza hamu. Nyungunyungu ndio wawe chakula chake kikuu hata akiwa mkubwa, mara moja kila siku mbili tatu. Nyama ya ng'ombe, kuku, na samaki wadogo wa kulishia wa dukani, acha.

Mikono ioshwe kabla na baada. Kabla kwa maji tu, losheni na sabuni hupenya ngozi yake, na baada kwa sabuni, kwa sababu amfibia huweza kubeba salmonela. Kama kuna mdogo wa chini ya miaka mitano hapo nyumbani, asiguse maji hayo.

Na mwenye Mandazi mpe kazi. Mnunulie daftari, achore mistari mitano: tarehe, joto, amonia, nitriti, nitrati. Yeye ndiye atikise vichupa na kulinganisha rangi. Mwambie asishangilie sifuri ya nitrati. Siku ile safu ya mwisho itakapoandikwa 5 kwa mara ya kwanza, hapo aje akuamshe.